Umeme Ukifika Nitarudi

Kabla umeme haujafika kwetu, mume wangu alikuwa anapatikana juu ya kichuguu. Sisemi mambo ya mizimu. Nasema kwamba ukitaka kuongea na mtu aliye mbali, ilibidi utoke nyumbani, ukatize shamba la mihogo la watu, upande kichuguu kikubwa kilicho nyuma ya kanisa, ugeukie upande wa mjini, uinue simu juu kidogo ya sikio. Hapo mtandao unakamata. Ukishuka hatua moja umekatika. Ukigeuka kumtuliza mtoto mgongoni umekatika. Kwa hiyo mwanaume aliyenioa kanisani watu wanaona, nikamzalia, nilikuwa nampata pale tu, kwenye udongo wa mchwa, Jumapili baada ya ibada. Yeye yuko kwenye mitaro ya mkongo wa mawasiliano huko njia ya Kigoma, mimi niko na mtoto mgongoni na foleni ya watu nyuma yangu.

Foleni ile ilikuwa na adabu zake. Aliye juu anaongea, walio chini wanampa mgongo. Mnatazama mihogo, mnatazama mawingu, mnajifanya hampo. Lakini masikio hayana pazia. Kichuguu kile kimesikiliza ndoa za watu, mahari za watu, magonjwa ya watu, na mtu akishuka anapewa pole au hongera kabla hajasema neno.

Kulikuwa na mzee mmoja fundi baiskeli, mtu wa Gongoni, Tabora mjini, aliyehamia kwetu kwa sababu ya mke wa pili, hakuwa na aibu hata kidogo.

"Shemeji," aliniambia siku moja nikishuka, "mwambie mumeo anywe tangawizi. Kikohozi chake hakijanipendeza."

"Wewe si ulikuwa umenipa mgongo?"

"Mgongo nilikupa. Masikio ningeyaweka wapi?"

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Lakini alikuwepo pia bibi mmoja jirani, mkulima, ambaye hakuwa mtu wa mzaha. Yeye alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mayo, mama yangu, mbona unaongea wewe tu? Yeye hana ulimi?"

Nilikwenda nyumbani nikatwanga mahindi ambayo hata sikuyahitaji siku ile.

Mwanangu wa kike alijifunza kusema "baba" palepale. Alikuwa anaisikia sauti ikitoka kwenye simu, mimi namwambia, "Msalimie baba, sema baba," naye anachungulia udongo tuliosimama juu yake. Akili ya mtoto ikajumlisha. Ikawa kila tukipita njia ile, hata siku isiyo ya simu, ananyoosha kidole: "Baba!" Anakipungia mkono kichuguu. Fundi baiskeli alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikamvuta mtoto tukaenda, na njia nzima anageuka nyuma anakiaga.

Sasa nieleze tulifikaje hapo.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alisomea chuo cha ufundi, akafanya kazi mjini chini ya tajiri mmoja, anachomelea mageti ya watu na vitanda vya watu. Alichotaka ni karakana yake, nyumbani kwake, mlangoni kwake. Tulipooana tulipewa eneo na ukoo wake, nje ya mji, ukishaiacha Ipuli nyuma yako, upande ambao zamani misafara ilikuwa inaingilia kutoka pwani. Njia ile ipo mpaka leo. Ina miembe pande zote mbili, mikubwa, mingine imekauka, na katikati njia yenyewe imeota nyasi, wanapita ng'ombe na watu wa kuni.

Ukoo wa mume wangu una imani moja, na siyo wao tu, kwetu wengi wanayo. Wanaamini kila kitu kikubwa kinachokuja Tabora kinapita njia ile. Pembe zilipita pale. Watumwa walipita pale, Mungu awarehemu. Waarabu, wamisionari, Wajerumani na bendera yao, wote pale. Waliochora reli nao hawakwenda mbali. Kwa hiyo redio ilipoanza kusema umeme unakwenda vijijini vyote, na mkongo wa mawasiliano unakwenda wilaya zote, watu wetu hawakuuliza umeme utapita wapi. Walijua. Wakajenga pembeni ya miembe, nyumba zimeitazama njia ya zamani kama watu waliokaa kusubiri harusi. Na sisi tukajenga. Matofali ya kuchoma, bati, mlango mpana wa mbele kwa ajili ya karakana. Mume wangu akapitisha nyaya zote mwenyewe ukutani, akafunga swichi, akafunga soketi, akazifuta vumbi kwa shati lake. Umeme haupo, soketi zipo. Mwanangu alikuwa anazichokonoa kwa vijiti vya mabua na mimi sikuwa na sababu ya kumkataza.

Nikiwa na mimba changa, kazi ya mkongo ikatangazwa. Walitaka watu wa kuchimba na kulaza mabomba, baadaye wakajua yeye ni fundi wakampandisha. Asubuhi anaondoka alisimama pale kwenye mlango mpana, akasema:

"Sikai huko. Natafuta mashine tu. Umeme ukifika nitarudi, nifungue kazi hapahapa, wewe utakuwa unaniletea uji."

"Mimi ndiye nitakuwa nakuletea uji?"

"Basi nitaufuata jikoni."

Hilo ndilo neno nililoachiwa. Umeme ukifika nitarudi. Nililishika kama mtu anavyoshika namba ya foleni hospitali.

Wapimaji walipokuja, mwanangu alikuwa anatambaa. Walikuja na gari jeupe, wakachomeka vigingi vyenye utepe mwekundu, na vigingi vile vikafuata barabara mpya. Barabara mpya ni ile ya changarawe iliyochongwa upande wa pili wa mashamba. Kwa nini? Kwa sababu gari linapita. Nguzo zinabebwa na lori, lori linapita barabarani. Mtoto wa darasa la nne angeweza kutuambia, lakini hatukumuuliza mtoto wa darasa la nne, tuliuliza miembe.

Watu hawakulia. Walifanya kitu kibaya zaidi, walihama. Mmoja alipanda juu ya nyumba yake akang'oa bati, akang'oa mbao, akazipakia kwenye mkokoteni, akaenda kujenga upya barabarani. Wiki iliyofuata mwingine. Mwishowe upande wetu zikabaki kuta tu, hazina vichwa, milango wazi, mbuzi wanalala sebuleni. Mwenyekiti wa kitongoji alinijia.

"Mama, na wewe hama. Kuna kipande pale karibu na mashine ya kusaga."

"Nitahamaje? Nyumba ni ya tofali, siyo hema. Na mume wangu akija atanikuta wapi?"

"Si utampigia simu umwambie?"

"Kwenye kichuguu?"

Akaniangalia, akatikisa kichwa, akaenda zake. Ukweli ni kwamba mume wangu mwenyewe aliniambia nisihame. "Kaa hapo," alisema, "nyumba yenye nyaya tayari wataifikiria." Basi nikakaa. Jioni nilikuwa nasikia vinu vya wenzangu vikitwanga kule barabarani, sauti inakuja imechelewa kidogo, kama salamu ya mtu anayekukumbuka akishapita. Upande wangu yalikuwa magofu, mimi, na mtoto anayesalimia kichuguu.

Watu wana tabia ya kusema mwanamke akikaa peke yake anazoea. Sikuzoea. Nilikuwa na hasira tangu nafungua macho. Nilimkasirikia aliyechora ramani, nikaikasirikia miembe, nikamkasirikia mama mkwe wangu aliyekuja kunitembelea na matobolwa, viazi vya kuchemsha na kukausha, kwenye kikapu akakaa akaniambia, kwa kunifariji eti:

"Wanaume wetu ndivyo walivyoumbwa, mwanangu. Babu yake mume wako, baba wa babu yake, wote walibeba mizigo kwenda pwani. Mmoja aliondoka mke ananyonyesha, akarudi mtoto anachumbia. Mnyamwezi ni mtu wa safari."

"Na bibi yake je?"

"Bibi yake nani?"

"Huyo aliyekuwa ananyonyesha. Alikaa na nani miaka yote hiyo?"

Mama mkwe alitafuna tobolwa lake polepole. "Alikaa," akasema. "Angekwenda wapi?"

Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne. Tulifundishwa misafara, nikachora ramani yake kwa penseli ya rangi, vituo vyote, na mwalimu akanipa alama. Tulijifunza nani alibeba nini na kilo ngapi. Hakuna ukurasa uliosema kuhusu hao waliokaa. Nilipofikiri hivyo nilisimama nikaanza kufagia mbele ya mama mkwe wangu akiwa bado anakula, jambo ambalo ni utovu wa adabu, na yeye akainua miguu nipite. Nafikiri alielewa.

Nguzo zilikuja kiangazi. Malori yalizimwaga kando ya barabara mpya, ndefu, zinanuka dawa. Nilikwenda na mtoto kuangalia. Nguzo ya mwisho ilipangwa kusimama kwenye mashine ya kusaga, na kutoka pale mpaka ukutani kwangu waya mmoja haufiki. Inatakiwa nguzo ya katikati. Kwenye mchoro haikuwepo, kwa sababu kwenye mchoro nilikuwa nimehama.

Msimamizi wa wale vijana wa nguzo alikuwa mwanaume mnene mwenye kofia ngumu ya njano. Nilimsalimia, nikamweleza vizuri, kama nilivyofundishwa. Akanijibu vizuri pia, kwamba mchoro ni mchoro, niandike barua, niende wilayani Isikizya, nisubiri awamu nyingine. Alivyokuwa anaongea nikasikia sauti yake, namna anavyoyavuta maneno.

"Wewe ni mtu wa wapi?" nikamkatiza.

"Mimi? Mzaramo. Kisarawe kabisa."

Hapo nikajua la kufanya. Asiyejua, ajue: Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, tangu enzi za njia ileile ya miembe. Mtani anakutukana na hukasiriki. Mtani anachukua kitu chako mbele ya macho yako, na ukinuna wewe ndiye huna adabu. Nikatafuta nguzo iliyonyooka kuliko zote pale chini, nikaikalia, nikampakata mwanangu.

"Nguzo hii nimeichukua, Mzaramo. Nimeirithi. Babu yangu aliibeba kichwani."

Vijana wake wakaacha kazi. Yeye akavua kofia, uso umeanza kucheka.

"Babu yako alibeba nini? Babu yako alifika kwetu, akaiona bahari, akauliza nani amesahau kufunga bomba!"

"Afadhali yeye alifika. Babu yako alikaa mnazini mdomo wazi anasubiri dafu lidondoke. Angengoja mpaka leo kama sisi tusingemletea mali mgongoni."

"Shuka kwenye nguzo ya serikali, wewe mbeba mizigo."

"Sishuki. Mkiwa na haraka nizikeni nayo."

"Tutakuzika na nani atatupikia ugali?"

"Mpikiwe ugali na nani? Mzaramo anajua ugali? Si mtautia sukari!"

Watu walikuwa wamejaa. Fundi baiskeli alikuwepo, anapiga makofi kwa kila neno kama yuko ngomani. Nikaendelea, nikamtukana tumbo lake, nikamtukana kofia yake, na yeye akanirudishia yote kwa ufundi mkubwa, na kila mtu anakufa kwa kicheko. Halafu nikafungua mdomo niseme tusi lingine, likaja jambo lingine.

"Mume wangu alisema umeme ukifika atarudi," nikasema. "Sasa mnauacha hapo kwenye mashine."

Ilitoka kavu, haikuwa na utani ndani yake. Yule Mzaramo alinitazama kidogo. Akachuchumaa mbele ya nguzo, magoti yakalia.

"Mtani, mbona machozi?"

"Vumbi la lori lako."

"Ndiyo," akasema. "Malori yetu yana vumbi sana."

Akasimama, akavaa kofia, akauliza mtandao unapatikana wapi ampigie mhandisi. Watu wote kwa pamoja wakanyoosha kidole kule kule. Nisingeamini kwa kusimuliwa, lakini niliona kwa macho yangu: msimamizi wa mradi wa umeme, na kofia yake ya njano, amepanda kichuguu, amegeukia mjini, simu juu ya sikio, anapiga kelele, "Haloo! Nyumba ina nyaya tayari, mhandisi! Haloo! Ndiyo, anaishi humo! Nimemwona, ameikalia nguzo!" Na foleni ya watu chini imempa mgongo kwa adabu. Mwanangu akapiga makofi. "Baba!" akasema. Yule mtu alishuka akamfinya shavu taratibu, akaniambia mchoro utarekebishwa.

Jumapili ile nilipanda kichuguu nina haraka mpaka nikajikwaa.

"Nguzo tumepata!"

"Safi sana, mke wangu. Nilikwambia."

"Kwa hiyo unarudi lini?"

"Umeme ukiwaka tu."

Zamani ilikuwa ukifika. Sasa ukiwaka. Nililisikia lile neno jipya, nikajiambia ni kitu kilekile.

Ulipokaribia kuwaka tukaambiwa anakuja mgeni rasmi, na swichi itawashwa kwenye nyumba ya mwananchi. Nyumba za barabarani zilikuwa bado hazijapigwa lipu, nyingine nyaya bado. Wakatazama huku na huku wakaona nyumba yangu: tofali, nyaya, mlango mpana, na nyuma yake miembe, inafaa kwa picha. Mwenyekiti alikuja kunifunda.

"Utaulizwa unajisikiaje. Sema unashukuru. Basi. Usianze mambo yako."

"Mambo yangu yapi?"

"Hayohayo."

Wakaleta hema, viti, spika za muziki. Njia ile ya zamani ambayo haikuwa imeona watu kwa miaka ilijaa magari. Mgeni rasmi aliongea vizuri, sitaki kumsingizia. Alisema umeme na mkongo ni kama mishipa na damu, kwamba mama hatatembea tena kutafuta mtandao, kwamba mtoto wa hapa atasoma sawa na mtoto wa popote. Nilikubaliana na kila neno. Hilo ndilo lililoniudhi, sikupata pa kumpinga. Halafu akabonyeza swichi ambayo mume wangu aliifunga kwa mkono wake na kuifuta kwa shati lake, taa ikawaka mchana kweupe, vigelegele, muziki. Wakanipa kipaza sauti.

"Ninashukuru," nikasema.

Mshereheshaji akachukua kipaza, mtu mchangamfu sana. "Na baba mwenye nyumba yuko wapi? Aje mbele tumwone! Baba mwenye nyumba!"

Watu wote walikuwa wanajua. Foleni nzima ya kichuguu ilikuwa imekaa kwenye vile viti, na walichofanya, kwa mazoea, waligeuza nyuso pembeni. Wakanipa mgongo wao wa adabu. Nikasema kwenye kipaza sauti kwamba yuko kazini, anachimba mkongo wa taifa.

Makofi! Mgeni rasmi mwenyewe alisimama. Alisema huyu ndiye mwananchi wa mfano, mume analaza mkongo, mke anapokea umeme, nyumba moja imebeba miradi miwili. Watu wakapiga makofi tena, wengine wakasimama. Sijawahi kupigiwa makofi mengi namna ile, na sijawahi kujisikia nimeachwa namna ile. Wakamaliza, wakapakia hema na viti, wakaondoka. Bibi jirani ndiye aliyebaki, alinisaidia kuokota chupa za maji. Taa ilikuwa bado inawaka ndani na jua liko juu, sikuizima.

Mnara wa simu ulikuwa umesimama mlimani muda mrefu bila kazi, unasubiri umeme huohuo. Siku chache baada ya sherehe ukawashwa. Nilikuwa nasonga ugali, simu ikalia jikoni kwangu. Jikoni! Nikaruka kana kwamba nimeona nyoka. Lakini ilikuwa ni ujumbe wa kampuni unanikaribisha kwenye kasi mpya.

Mume wangu alikuwa akisema, kila tunapokatika na kurudi, kukatika na kurudi, "Tatizo ni mtandao, mke wangu. Ungekuwa na mtandao hapo nyumbani, ningekupigia asubuhi na jioni." Nilimwamini. Nilipanga hata nitakachokuwa namwambia asubuhi, mambo madogo, kuku, mvua, meno ya mtoto. Basi mtandao umekuja, umejaa mpaka chooni. Asubuhi ikapita, na jioni yake. Nikasema labda hajajua. Nikampigia nikamwambia. "Safi sana," akasema. "Niko saiti, nitakupigia." Jumapili alipiga. Jumapili ya pili alipiga. Halafu Jumapili nyingine hakupiga, na mimi nikaishika simu siku nzima, naiangalia, alama zote zimesimama wima, hakuna hata moja iliyoanguka ili nipate kitu cha kulaumu.

Na kichuguuni hakuna anayekwenda tena. Kila mtu anaongea kwake, mlango umefungwa. Sikuwahi kufikiri kwamba nitaikumbuka ile foleni, lakini pale ndipo nilipokuwa naambiwa pole kabla sijasema. Sasa fundi baiskeli nikikutana naye ananiuliza, "Shemeji hajambo?" kama mtu mwingine yeyote, na mimi namjibu hajambo, na yeye hana njia ya kujua kwamba sijui.

Alikuja siku ya kawaida tu, bila kuniambia. Nilikuwa mlangoni nabangua karanga, nikaona mtu anakata shamba kutoka barabarani, ana begi kubwa, anatembea haraka. Nilimjua kwa mabega. Mikono yangu ikaacha kazi yenyewe.

Amenenepa kidogo. Ana ndevu. Mwanangu alimtazama, akamsogelea kwa heshima kama nilivyomfundisha kwa wageni, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba," akasema mume wangu. Akacheka. "Anko tena?"

Sikucheka. Nikamkaribisha ndani. Aliingia, akasimama katikati ya chumba, akatazama juu kwenye taa, akaenda kwenye swichi, akawasha, akazima, akawasha. Uso wake ulikuwa mzuri jamani, sitadanganya, ulikuwa kama wa siku ile anafunga zile soketi. Nikasema moyoni, amerudi. Nikaona karakana, nikaona cheche, nikajiona hata na bakuli la uji.

Akafungua begi. Akatoa waya mrefu wa soketi nyingi, akauchomeka ukutani. Halafu akaanza kutoa simu. Simu za kila aina, na zile benki za chaji, na redio za mkononi za kikosi chao, anazichomeka moja moja, anazipanga sakafuni kwenye mkeka wangu.

"Za nani zote hizi?"

"Za wenzangu. Tunahamishwa, tunakwenda upande wa Singida, lori liko barabarani linabadilisha tairi. Nikawaambia leteni, mimi kwangu kuna umeme." Alisema hivyo kwa fahari. "Kwangu kuna umeme, nimewaambia."

Mwanangu alikuwa amechuchumaa anaziangalia taa ndogo nyekundu.

"Umeme umefika," nikasema. "Umerudi?"

"Si nimekuja?"

"Nimekuuliza umerudi."

Akakaa chini kwenye mkeka, pembeni ya zile simu. Akaanza kunieleza taratibu, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto, kwamba kazi bado ni kubwa, kwamba yeye sasa ni fundi mkuu wa maungio, ukiunganisha vibaya wilaya nzima inakosa mawasiliano, kwamba siyo kila mtu anaweza, kwamba mkongo ukishafika wilaya zote...

"Ilikuwa umeme ukifika. Ikawa ukiwaka. Sasa ni mkongo ukifika. Na mkongo ukifika?"

Yeye alikuwa anaangalia simu moja, asilimia zinapanda. Nikaelewa, tena bila hasira, na hilo ndilo lilinitisha, kwamba huyu mtu hana mwanamke huko. Ingekuwa afadhali, ningejua pa kumtupia mawe. Anaipenda tu njia. Anapenda kuamka mahali ambapo jana hakuwepo, na watu wanaomwita fundi. Akiwa huko anatukumbuka vizuri kabisa. Akiwa hapa anasikiliza honi ya lori.

Nilikwenda ukutani nikachomoa.

"Aa! Hazijajaa!"

"Najua."

Nikazichomoa zote, nikazitia kwenye begi lake, nikamkabidhi. Hakugombana. Hajawahi kuwa mtu wa kugombana. Alimbeba mtoto, akambusu, mtoto akajifuta. Akaniambia atapiga akifika. Akakata shamba kurudi alikotoka, haraka vilevile, na honi kweli ikapigwa.

Nilirudi kukaa mlangoni, karanga zangu ziko palepale. Simu ikaita. Ilikuwa ni yeye, na nilisikia lori na watu wanacheka nyuma yake. Tangu mnara uwashwe, ilikuwa mara ya kwanza kunipigia siku isiyo Jumapili.

"Mke wangu, samahani. Nimesahau waya wa soketi hapo ndani. Hebu angalia."

Nilikuwa nimeushika mkononi. Mtoto ndiye aliyeniletea, alisema ni wa anko.

"Sijauona," nikamwambia, nikakata.

Mwanangu alikuwa anataka uji. Nikaenda nyuma kuwasha moto.